Mzigo wako unashuka mlima na boda? Injini ndiyo breki ya kwanza

Wauzaji wa mtandaoni, wengi wetu tunaijua nauli ya boda kuliko tunavyoijua boda yenyewe. Mteja katuma hela, umefunga mzigo, umempa kijana, umemwambia "wahi basi", umerudi kwenye simu kujibu meseji. Kwa anayeuza kwenye tambarare hiyo inatosha. Kwa mlioko Lushoto, Mbeya, Mgeta na kwingine kwenye milima haitoshi hata kidogo, maana pikipiki yenye kilo 60 kwenye keria haishuki kama pikipiki tupu.

Leo ni kuhusu kushuka na gia, yaani kuiachia injini kazi ya kushikilia mwendo ili breki zisichoke. Unayepeleka mizigo mwenyewe, hii ni yako moja kwa moja. Unayetuma kijana soma pia, kwa sababu mambo mengine unayaamua wewe kabla hata pikipiki haijawashwa.

Tuchukue njia ya Lushoto kwenda Mombo. Plamu, mapeasi na mboga za kule zinashuka kwenda kupakiwa kwenye mabasi ya barabara kuu. Ni kama kilomita 33, unapita Soni, kona juu ya kona, na kutoka juu mpaka chini unashuka karibu mita 1,000. Sasa piga hesabu: pikipiki kilo 110, dereva 70, kreti za plamu 60. Jumla kilo 240. Kila mita 100 za kimo ambazo uzito huo unashuka, unatoa nguvu ya kutosha kuchemsha robo tatu ya lita ya maji ya baridi. Upepo na tairi vinakula sehemu yake, lakini penye mteremko mkali kinachobaki ni kingi, na lazima kiende mahali. Ukishuka kwa breki tupu, chote kinakwenda kwenye breki kama joto.

Pikipiki nyingi za biashara zina breki ya ngoma tairi la nyuma. Ngoma ikipata moto sana inatanuka, na vile vipande vinavyoibana kwa ndani vinapoteza mshiko. Dereva anakanyaga, pedali inashuka zaidi ya kawaida, mwendo haupungui. Breki haijakatika wala haina ubovu wowote, imechemka tu. Ndiyo maana utasikia mtu anasema "breki zilikuwa nzima asubuhi" na anasema kweli.

Injini inasaidiaje? Ukirudisha mkono wa mafuta huku gia imeingia na klachi umeiachia, tairi la nyuma ndilo linaloizungusha injini kupitia cheni. Injini haitaki kuzungushwa bure. Njia ya hewa kwenye kabureta imefungwa, pistoni inavuta hewa isiyopitika vizuri, na msuguano wa ndani unaongeza ubishi. Ubishi huo ndio unaolivuta tairi kurudi nyuma. Joto lake linapotelea kwenye injini, ambayo imeumbwa kwa ajili ya joto na ina mapezi ya kupoozwa na upepo.

Gia ikiwa ndogo, injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, kwa hiyo ubishi unakuwa mkubwa. Gia ya nne inashika kidogo sana. Ya tatu inafaa mteremko wa kawaida. Penye ukali na mzigo, ya pili. Ya kwanza ni kwa pale unapotambaa tu, vinginevyo inakurusha mbele na kukwamakwama. Madereva wa zamani wana kipimo kizuri: shukia gia ambayo ungeipandia mlima huohuo. Ukiwa na mzigo mzito usione aibu kwenda moja chini ya hapo.

Wengi wanakosea kwenye muda. Gia inachaguliwa juu, kabla ya mteremko kuanza, pikipiki ikiwa bado imetulia. Ukishachukuliwa na mwendo ndo unakumbuka kupunguza gia, umechelewa. Hapo itabidi uguse breki zote mbili kwanza, mwendo upungue, ndipo ushuke gia moja. Moja tu. Vuta klachi, shusha gia, ongeza mafuta kidogo sana ili injini ilingane na mwendo wa tairi, kisha achia klachi taratibu. Subiri mlio utulie kabla ya kufikiria gia nyingine. Anayetoka ya nne mpaka ya pili kwa mkupuo na kuachia klachi ghafla analifunga tairi la nyuma. Kwenye lami kavu litalia. Kwenye udongo mwekundu uliolowa linakwenda pembeni, na mzigo ulioko juu unalisukuma zaidi.

Na nguvu yote ya injini inafika kwenye tairi moja tu, la nyuma. Kwenye mteremko uzito unahamia mbele, kwa hiyo tairi la nyuma lina mshiko mdogo kuliko kawaida. Injini inashikilia mwendo usizidi, lakini kusimama ni kazi ya breki, na breki ya mkono ndiyo yenye nguvu zaidi. Iguse kwa vipindi kabla ya kona, uiachie ipoe. Usiibane ukiwa umelala katikati ya kona.

Hapa pia ndipo ufungaji wako unapoingia. Kreti mbili zilizopangwa chini karibu na kiti ni tofauti kabisa na kreti mbili zilizobebana kimo cha kichwa cha dereva. Zile za juu, mwendo ukipungua, zinamsukuma mgongoni na kumpeleka kwenye tangi. Mipira ya kufungia ivutwe na kutoka mbele kwenda nyuma, si kwa ubavu peke yake, maana kwenye mteremko mzigo unataka kuteleza kwenda mbele. Ukiona kijana anaweka kreti ya tatu ili apate nauli moja ya maana, lipa safari mbili. Au punguza oda ya leo.

Tuongee na ile tabia ya kushuka nyutro, au frii kama wengi wanavyosema, wengine wakizima injini kabisa "kuokoa mafuta". Pikipiki iliyo kwenye gia na mkono wa mafuta umerudishwa tayari inatumia kidogo sana, kwa hiyo unachookoa ni vijiko. Unachopoteza ni breki yako ya kwanza yote. Tena kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa inategemea injini inayozunguka. Zima injini usiku uone unavyobaki gizani kwenye kona. Klachi nayo hivyohivyo: ukishuka umeibana mkononi, ni sawa na frii.

Kuna wanaoogopa kwamba injini itakufa kwa kushika mwendo. Haifi kwa mzunguko wa kawaida. Inayoiumiza ni ile kelele ya kupiga yowe, gia ndogo kwa mwendo mkubwa. Ikipiga yowe, guso la breki, sio gia nyingine chini. Cheni ndiyo ya kuangalia, kwa sababu sasa inavutwa pande zote mbili. Ikilegea sana inapiga mshtuko kila mafuta yanaporudishwa.

Jambo moja dogo: taa ya breki haiwaki unapopunguza mwendo kwa injini. Aliye nyuma yako haoni kitu. Gusa pedali kidogo, taa iwake, hasa kukiwa na basi au lori linakufuata.

Na ukisikia harufu ya kuungua, au pedali imeanza kushuka chini kuliko kawaida, tafuta mahali pa tambarare usimame. Acha ngoma ipoe yenyewe. Usiimwagie maji ikiwa ya moto, chuma kinaweza kupinda au kupasuka.

Sasa wewe unayetuma. Kwa kilomita 33 zile, mwendo wa 30 kwa saa unachukua kama dakika 66, na mwendo wa 40 kama dakika 50. Tofauti ni dakika 16. Hizo dakika 16 unazo wewe, si dereva. Ziko kwenye muda uliomaliza kufunga mzigo, muda uliomwita, na muda uliompa mteja. Mtoe mapema nusu saa kuliko ulivyozoea. Mwambie mteja mzigo unapanda basi la mchana, sio "basi lolote litakalopita". Na ukishamkabidhi, usimpigie simu "umefika wapi?" akiwa Soni. Mwambie akupigie yeye akifika Mombo. Mvua ikianza, mpe ruhusa ya kusimama kabla hajaomba, na nauli ibaki ileile.