«Shall»: neno lenye deni ndani

Wandugu wafanyakazi, siku hizi karatasi mingi zinafika ku mugodi kwa Kingereza: kontra, kanuni za usalama, fomu za kutia sahihi. Mutu anaambiwa, «Tia sahihi tu, ni mambo ya kawaida.» Mbele ya kutia, tafuta neno moja dogo: «shall».

Ku masomo tulifundishwa ni neno la wakati ujao, «I shall go», nitaenda. Ni kweli, lakini ndani ya kontra kazi yake ni ingine. «The company shall provide boots» haisemi kampuni itatoa viatu siku moja Mungu akipenda. Inasema ni lazima itoe.

Lazima hiyo inatoka mbali. Katika Kingereza cha kale neno hilo lilikuwa «sceal», na maana yake ilikuwa pia: ninadaiwa. Ndugu yake wa Kijerumani, «Schuld», mpaka leo ni deni, na tena ni kosa. Wenye kujua Kifaransa hawatashangaa: «je dois partir», ni lazima niende, «je te dois 1000 francs», niko na deni yako.

«Should» ni mutoto wa «shall», lakini deni imepunguka. Angalia kanuni ya ISO 45001 ya mwaka 2018, juu ya afya na usalama ku kazi. Pale «shall» ni sharti, kwa Kifaransa «doit». «Should» ni shauri, «il convient de». «May» ni ruhusa, «peut». (Zamani «may» ilikuwa kusema kuwa na nguvu. Hata leo, mwenye nguvu njo anachagua!)

Tuseme imeandikwa kampuni «should» kupima vumbi. Wasipopima, delege wetu atadai nini? Watamujibu: ilikuwa shauri tu. Tena neno hili linafunga pande zote mbili. «The worker shall wear a helmet»: hapo deni ni yetu. Kwa hiyo hesabu: «shall» ngapi ziko kwa mufanyakazi, ngapi kwa kampuni? Kama zote ziko kwetu, na kwa bakubwa ni «should» na «may» tu, ile kontra ni mubaya, hata mushahara ukiwa muzuri.

Waamerika wenyewe, mwaka 2007, waliondoa «shall» katika kanuni za kesi za madai za mahakama zao za shirikisho, juu ilikuwa na maana mingi sana. Mahali pa sharti waliweka «must». Ukiona «must», usifikiri wamepunguza: ni lazima ile ile. Na wakikuletea karatasi kwa Kifaransa, angalia kama «shall» imekuwa kweli «doit», haikugeuka «il convient de» ku njia.