Kichaa cha ng'ombe: kwa nini kipimo cha damu bado hakijapatikana?

Daktari wa mifugo akimshuku ng'ombe kuwa na kichaa cha ng'ombe, hana njia ya kuthibitisha shaka yake mnyama akiwa hai. Lazima ng'ombe afe kwanza, kisha kipande cha ubongo wake kipelekwe maabara. Ndiyo maana watafiti wanatafuta kipimo cha damu.

Hasara ya kutokuwa nacho ilionekana Uingereza, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1986. Ulienezwa na chakula cha mifugo chenye unga wa nyama na mifupa. Ng'ombe zaidi ya 180,000 walithibitishwa kuugua, lakini waliochinjwa kwa tahadhari walizidi milioni 4, wengi wao wakiwa hawana dalili yoyote. Machi 1996, serikali ilitangaza kwamba huenda nyama hiyo ndiyo iliyowaambukiza binadamu. Watu 178 wamefariki nchini humo.

Ugumu unatokana na chanzo chenyewe. Kichaa cha ng'ombe hakiletwi na virusi wala bakteria, bali na prioni: protini ya kawaida ya mwili iliyojikunja vibaya, ambayo huzigeuza nyingine ziwe kama yenyewe. Mmarekani Stanley Prusiner aliipa jina hilo mwaka 1982, na mwaka 1997 akapata tuzo ya Nobel. Kwa kuwa prioni ni protini ya mwili, mwili hautengenezi kingamwili za kupambana nayo. Tena haina vinasaba. Hivyo njia zinazotumika kupima ukimwi au Covid-19 hazifai hapa.

Matumaini yalianzia kwa kondoo. Mwaka 2000, watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba damu ya kondoo aliyeambukizwa, hata kabla hajaonyesha dalili, inaweza kumwambukiza mwenzake. Mwaka 2001, timu ya Claudio Soto ilieleza mbinu ya kuzidisha prioni chache ndani ya maabara hadi zionekane. Mwaka 2005 mbinu hiyo ilizigundua katika damu ya wanyama wadogo wa maabara, na mwaka 2016 katika damu ya wagonjwa binadamu.

Kwa ng'ombe mambo ni magumu zaidi, kwani prioni zake hubaki hasa kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo baadhi ya watafiti wanatafuta viashiria vingine, kama nurofilamenti, protini inayovuja kwenye damu seli za fahamu zinapoharibika. Lakini protini hiyo hupanda kwa madhara mengi ya ubongo. Inaweza kumwonya daktari, si kutoa hukumu.

Afrika nayo inahusika. Mwaka 2018, wanasayansi walitangaza ugonjwa wa prioni kwa ngamia waliopelekwa machinjioni Ouargla, Algeria. Mwaka 2019 ukaripotiwa pia Tunisia. Kuchukua damu sokoni kungekuwa rahisi kuliko kusafirisha ubongo hadi maabara.

Hata hivyo, kipimo kinachokosea ni hatari kwa pande zote: kikimkosa mgonjwa, nyama yake inafika mezani; kikimsingizia mzima, mfugaji anapoteza mifugo yake bure. Kwa sasa kinga kuu ni ileile: kutowalisha ng'ombe mabaki ya wanyama wenzao, na kuondoa ubongo na uti wa mgongo machinjioni.