Seva ya Majina: Mashine Mbili Ndogo, Mahali Pawili

Mfanyabiashara amengoja hadi siku ya mwisho ya kulipia leseni. Pesa ziko kwenye simu na mtandao upo, lakini tovuti ya kaunti haifunguki. Akipiga simu ofisini anaambiwa mashine inayopokea malipo iko sawa, na huenda jibu hilo ni la kweli kabisa. Kilichokwama kinaweza kuwa kitu ambacho wakaazi wengi hawajawahi kukisikia, nacho ni seva ya majina, ile ambayo wataalamu huiita DNS.

Kazi yake si ngumu kuielewa. Tarakilishi hazitafutani kwa majina bali kwa nambari. Unapoandika jina la tovuti, simu yako kwanza huuliza nambari yake, kama vile wewe unavyogusa jina la shangazi kwenye simu bila kukumbuka nambari yake. Majina ya taasisi za serikali nchini huishia na .go.ke, na msimamizi wa majina yote ya .ke ni shirika la KeNIC. KeNIC haiweki nambari ya kila huduma ya kaunti. Huweka tu orodha ya seva za kuulizwa, na seva hizo zisipojibu, kila kitu chini ya jina hilo hupotea kwa wakati mmoja: malipo ya maegesho, fomu za basari, hata barua pepe za maafisa.

Je, kazi nzito hivyo inahitaji mashine ya bei gani? Hapa ndipo wengi hushangaa. Jibu la seva ya majina ni fupi mno. Kwa muda mrefu kikomo chake kilikuwa baiti 512, yaani kama ujumbe mfupi wa simu mitatu hivi. Orodha nzima ya majina ya kaunti, hata ikiwa na mamia ya huduma, huingia kwenye kumbukumbu ya tarakilishi bila kuijaza. Mashine ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ndogo inatosha, na programu zinazotumika sana, kama BIND na NSD, hazilipiwi. Kwa hivyo zabuni ikitaja seva kubwa ya bei ghali kwa kazi hii pekee, mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini.

Pesa zinapaswa kwenda kwingine: kwenye mashine ya pili, iliyo mahali pengine. Tangu 1997 mwongozo wa wahandisi wa intaneti umeshauri kwamba seva za jina moja zitenganishwe kijiografia na kimtandao. Seva mbili zilizopangwa kwenye kabati moja makao makuu zina stima moja, waya mmoja wa intaneti na paa moja linalovuja. Hizo ni sawa na seva moja iliyonunuliwa mara mbili. Ya pili na iwe mji mwingine, kwenye laini ya kampuni nyingine ya intaneti, au ikodishwe kwa anayetoa huduma hiyo.

Wengi wetu tunakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilipozimika kwa takriban saa sita duniani kote. Seva za majina za kampuni hiyo hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa nyingi na zimetawanyika, lakini zote zilitegemea mtandao mmoja wa ndani, na mtandao huo ulipokatika kwa kosa la matengenezo, seva zenyewe ziliacha kutangaza njia ya kuzifikia. Kuwa na mashine nyingi hakukusaidia.

Katika kuziandaa, seva moja huwa ya msingi, ambako mabadiliko hufanywa, na nyingine hunakili kutoka kwake. Ya msingi ikizimika, ya pili huendelea kujibu kwa muda iliopangiwa. Siku 14 ni mpango mzuri, kwa sababu hata kifaa kikiungua wiki ya sikukuu, kuna nafasi ya kutafuta kingine. Kila seva iwe na anwani isiyobadilika na UPS ya kuishikilia hadi jenereta iwake. Mlango namba 53 ufunguliwe kwa njia zote mbili, UDP na TCP. Wengi hufungua ya kwanza tu, kisha hushangaa majibu marefu yakikwama. Na seva hii isitumiwe na wafanyakazi kutafutia tovuti nyingine. Ikiachwa imjibu kila mtu kuhusu kila jina duniani, wahalifu huigeuza silaha ya kuwafurikia watu wengine kwa majibu ambayo hawakuyaomba.

Jambo moja zaidi huwachanganya wakaazi. Jibu likishatolewa, hukaa kwenye kumbukumbu za kampuni za simu kwa muda ulioandikwa pamoja nalo, mara nyingi sekunde 86,400, yaani siku nzima. Ndiyo maana huduma ikihamishiwa mashine mpya, jirani yako anaweza kuifungua ilhali wewe bado unapelekwa kwenye ile ya zamani. Fundi makini hupunguza muda huo hadi sekunde 300 angalau siku moja kabla ya kuhamisha.

Tovuti ya kaunti ikikataa, jaribu laini ya mtandao mwingine kabla ya kupanda matatu kuja ofisini. Usibofye kiungo mbadala ulichotumiwa na usiyemjua. Angalia kwanza kama jina linaishia na.go.ke. Na katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, mstari wa teknolojia ukisomwa, uliza seva ya pili itawekwa wapi.