Romeo na Juliet: Watoto wa Nyumba Mbili Zenye Uadui

Mchezo wa Romeo na Juliet, ulioandikwa na Mwingereza William Shakespeare yapata mwaka 1595, wengi huudhania kuwa ni kisa cha mapenzi tu. Lakini aufuataye kwa makini huona kwamba kila mahali walipogeukia wapenzi hao, desturi ilikuwa imekwisha kuwatangulia.

Kisa chenyewe ni cha Verona, katika nchi ya Italia. Nyumba ya Montague na nyumba ya Capulet zilikuwa na uadui wa tangu zamani, ambao asili yake haitajwi popote katika mchezo. Hata watumishi waliurithi: ugomvi wa kwanza unaanzishwa na mtumishi aumaye kidole gumba chake ili kuwatukana wenzake njiani.

Romeo wa Montague na Juliet wa Capulet, msichana ambaye hajatimiza miaka 14, walikutana karamuni. Kesho yake Kasisi Lawrence akawaoza kwa siri, akitumaini kuwapatanisha wazee wao.

Siku ile ile Tybalt, jamaa yake Juliet, alimtaka Romeo wapigane. Romeo akakataa, maana Tybalt alikuwa sasa mkwewe, ila hakuthubutu kulisema jambo hilo. Rafiki yake Mercutio, akiona kukataa huko ni aibu, akachomoa upanga wake, naye akauawa. Hapo Romeo akajiona kwamba mapenzi yamemfanya kama mwanamke. Akamwua Tybalt, na Mtawala wa mji akamfukuza Verona.

Mzigo wa Juliet ulikuwa mzito zaidi. Baba yake hakuwa mkatili tangu mwanzo. Bwana Paris alipoleta posa, mzee alimwambia angoje miaka miwili, tena atafute kwanza ridhaa ya binti. Ajabu ni kwamba baada ya msiba wa Tybalt mzee huyo huyo alipanga arusi pasipo kumwuliza mtoto, na Juliet alipokataa, akaapa kumwacha afe kwa njaa njiani. Mama akamgeuzia uso. Yaya aliyemnyonyesha, naye aijua siri yote, akamshauri aolewe na Paris!

Basi ikabaki dawa ya kasisi, ya kumlaza saa 42 kama maiti. Barua ya kumwarifu Romeo haikufika, kwa kuwa mjumbe alifungiwa nyumbani kwa hofu ya tauni. Romeo akanywa sumu kaburini. Juliet alipoamka akajichoma kisu.

Arthur Brooke, aliyekisimulia kisa hiki kwa ushairi mwaka 1562, aliwalaumu vijana hao katika dibaji yake kwa kutowatii wazazi. Shakespeare hakuifuata lawama hiyo, tena alimpunguzia Juliet umri.

Mbele ya maiti wazee wakapeana mikono. Montague akaahidi kumsimamishia Juliet sanamu ya dhahabu. Capulet naye, asikubali kupitwa, akaahidi ya Romeo iliyo sawa nayo.