Gea Inayoteleza

Mwanachama wetu aliye kazini Saza, mkoani Songwe, atuuliza juu ya motokaa yake kuukuu ya otomatiki: akipanda kilima injini yanguruma, mwendo hauongezeki. Ameambiwa anunue giaboksi nyingine.

Twamwomba asitoe fedha bado. Kwanza apime mafuta ya gea. Motokaa nyingi hupimwa mahali tambarare, injini ikiwa moto nayo yanguruma. Lakini kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Yakiwa yamepungua, yavuja mahali: pazibwe, yaongezwe ya aina ile ile, si ya injini. Yakiwa meusi na yanuka kuungua (nasi watu wa majamvi ya karafuu hatufundishwi harufu), basi yamkini sahani za klachi zimelika. Kubadili mafuta peke yake hakutaziponya. Hapo asiiendeshe mpaka fundi aifungue.