Tarehe za safari ya mzigo zisisimame peke yake: jinsi ya kuzifunga pamoja

Wafanyabiashara wengi wa mpakani wanapanga safari ya mzigo kwa kuandika tarehe: mpunga ununuliwe tarehe fulani, lori lifike tarehe fulani, mteja apokee tarehe fulani. Kila tarehe inakaa peke yake. Mambo yakienda sawa hakuna tatizo. Kazi moja ikichelewa, nyingine zote zinabaki zimeandikwa kama zamani, na lori linafika ghalani wakati mchele bado uko mashineni. Lori likilala, mwenye lori anadai fedha yake ya kulala, na faida inaanza kuliwa kabla mzigo haujavuka mpaka.

Programu za kompyuta za kupanga ratiba, kama Microsoft Project, au ProjectLibre na GanttProject zinazopatikana bure, zina dawa ya tatizo hili. Badala ya kuandika tarehe kwa kila kazi, unaandika kazi inachukua siku ngapi na inategemea kazi ipi. Tarehe zinapigwa hesabu na programu yenyewe.

Mfano wa mchele wa Kahama

Tuchukue mfanyabiashara anayepeleka mchele kutoka Kahama, Tanzania, hadi Kigali kupitia Rusumo. Tuseme anaanza Jumatatu tarehe 5 Oktoba 2026. Kununua mpunga siku 5, kukoboa siku 4, kufungasha siku 3, ukaguzi na cheti cha afya ya mimea siku 2, kupakia siku 1, safari hadi Rusumo siku 1, forodha siku 1, na Kigali siku 1. Mashine na wafungashaji wanafanya kazi kila siku. Ofisi ya cheti inafunga Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Kiungo cha kwanza, na kinachotumika zaidi, ni mwisho kwa mwanzo. Kwenye programu kinaandikwa FS. Kazi ya pili haianzi mpaka ya kwanza iishe: huwezi kukoboa mpunga ambao hujanunua. Kununua kunaisha tarehe 9, basi kukoboa ni tarehe 10 hadi 13.

Kiungo cha pili ni mwanzo kwa mwanzo, yaani SS. Kufungasha hakuna haja ya kungoja gunia la mwisho likobolewe. Kunaweza kuanza siku 2 baada ya kukoboa kuanza, na kwenye programu unaandika SS na kuongeza siku 2. Kufungasha kunakuwa tarehe 12 hadi 14, cheti tarehe 15 na 16, kupakia tarehe 17, forodha tarehe 19, na mchele unafika Kigali Jumanne tarehe 20.

Ungefunga kufungasha kwa FS, kungekuwa tarehe 14 hadi 16, cheti kingevuka mwisho wa wiki, na mzigo ungefika tarehe 24. Kiungo kimoja tu kimeokoa siku nne.

Lakini SS ina mtego. Inafunga mianzo miwili tu, haigusi miisho. Mashine ikiharibika na kukoboa kukachukua siku 7, ratiba bado itaonyesha kufungasha kumekwisha tarehe 14, wakati mpunga unakobolewa hadi tarehe 16. Microsoft Project haikubali viungo viwili kati ya kazi zilezile mbili, kwa hiyo dawa ni kugawa kazi: kukoboa nusu ya kwanza na nusu ya pili, kufungasha nusu ya kwanza na nusu ya pili, kila nusu ikifungwa kwa FS na nusu yake.

Kiungo cha tatu ni mwisho kwa mwisho, FF. Mlinzi wa ghala anamaliza kazi siku kupakia kunapomalizika. Kupakia kukisogea, malipo ya mlinzi yanasogea nako, na unaliona hilo mapema. Cha nne, mwanzo kwa mwisho au SF, hutumika mara chache: mlinzi wa usiku haondoki mpaka wa mchana aanze zamu.

Siku tatu zinapogeuka nne

Sasa tuseme wakulima wamechelewa na ununuzi unaisha Jumatatu tarehe 12 badala ya tarehe 9. Kwenye ratiba yenye viungo unabadilisha namba moja: siku 5 zinakuwa 8. Kukoboa kunasogea tarehe 13 hadi 16, kufungasha tarehe 15 hadi 17. Tarehe 17 ni Jumamosi, kwa hiyo cheti kinasubiri Jumatatu na kutoka tarehe 20. Kupakia ni tarehe 21, na Kigali ni tarehe 24. Ucheleweshaji wa siku tatu umezaa siku nne, na umelijua hilo siku ileile, wakati bado unaweza kumpigia simu mwenye lori na mteja.

Ndiyo maana kalenda ni sehemu ya kiungo. Mwezi huohuo wa Oktoba, Uganda ina sikukuu tarehe 9, Tanzania tarehe 14 na Kenya tarehe 20. Kila kazi ipewe kalenda ya nchi ambako inafanyika. Kumbuka pia kwamba saa ya Kigali iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja.

Kazi yenye nafasi na isiyo na nafasi

Kupakia kunategemea mambo mawili: cheti na lori. Programu inafuata lile linalochelewa zaidi. Kutafuta lori kukianza tarehe 5 na kuchukua siku 3, kunaisha tarehe 7, na lori linahitajika tarehe 17. Hapo una nafasi ya siku 9 za kutafuta bei nzuri. Kununua, kukoboa, kufungasha na cheti hazina nafasi hata ya siku moja. Mnyororo huo ndio unaoamua siku ya kufika, na wa kusimamiwa kwa karibu. Hesabu hii ilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya DuPont ikiwa miongoni mwa walioianzisha.

Makosa ya kuepuka

Ukishafunga viungo, usiandike tarehe kwa mkono. Katika Microsoft Project, kuandika tarehe ya kuanza kunaiwekea kazi sharti la kutoanza kabla ya siku hiyo. Mambo yakienda haraka, kazi haitarudi nyuma. Tangu toleo la 2010, kazi mpya pia huanza zikiwa katika hali ya kupangwa kwa mkono. Zibadilishe ziwe za kupangwa na programu, la sivyo haziwezi kusogea zenyewe.

Asiye na programu hizo atumie Excel, hata kwenye simu. Tarehe ya kuanza iwe B2, idadi ya siku C2, na mwisho D2 uwe =B2+C2-1. Kazi inayofuata ianze kwa =D2+1. Ikitegemea kazi mbili, andika =MAX(D5,D6)+1. Kwa kazi za ofisi, fomula ya WORKDAY inaruka Jumamosi, Jumapili na orodha ya sikukuu utakayoipa.

Kabla ya kumwahidi mteja siku ya mzigo ujao, jaribu jambo moja: ongeza siku 3 kwenye kazi ya kwanza, kisha tazama tarehe ya mwisho. Isiposogea, kuna kiungo umekisahau.