Dhahabu Njiani

Kuchimba dhahabu ni kazi, wanangu, lakini kuifikisha benki ilikuwa kazi nyingine kabisa. Tangu mwaka 1851, watu kutoka pande nyingi za dunia walimiminika New South Wales, koloni la Uingereza huko Australia. Machimbo ya Forbes yalikuwa mbali na Sydney, reli haikuwa imefika, na njia ilipita porini kulikojaa wanyang'anyi.

Basi serikali ikaanzisha msafara wa ulinzi. Mchimbaji alikabidhi dhahabu yake, ikapimwa, ikafungwa kwenye masanduku, ikapakiwa kwenye gari la farasi pamoja na mifuko ya barua. Polisi wenye bunduki wakapanda humo humo. Waliotuma noti kwa posta walikuwa na ujanja wao: noti ilikatwa vipande viwili, kimoja kikasafiri leo, kingine safari ijayo. Mwizi akipata nusu, atanunua nini? Ila dhahabu hailindwi kwa mkasi.

Tarehe 15 Juni 1862 gari liliondoka Forbes na wakia zipatazo 2,700, yaani kilo 84 hivi, na fedha taslimu juu yake. Walinzi? Wanne. Mimi ningedai ishirini!

Karibu na Eugowra, barabara ikipita kando ya miamba, mikokoteni ya maksai ilikuwa imeziba njia. Dereva akapunguza mwendo, na hilo ndilo lililokuwa likingojewa. Gari linalokwenda mbio ni taabu kulilenga; likizubaa, polisi waliobanana ndani hata hawamwoni wa kumpiga. Kutoka nyuma ya mawe, mnyang'anyi Frank Gardiner na genge lake, mashati mekundu na nyuso zimepakwa rangi nyeusi, wakafyatua risasi. Farasi wakakurupuka, gari likapinduka. Polisi wawili walijeruhiwa, hakuna aliyekufa, na dhahabu yote ikaondoka.

Aliyeokoa jahazi ni mtu ambaye masimulizi mengi humpa mstari mmoja tu: Charley Hastings, mwenyeji wa asili wa Australia, bingwa wa kusoma nyayo. Siku chache baadaye yeye na polisi walifuata alama za kwato hadi wakampata farasi aliyeachwa na mzigo wake, dhahabu inayozidi nusu ya iliyoibwa.

Gardiner alikamatwa mwaka 1864 huko Queensland, alikokuwa akiendesha duka kwa jina jingine. Alihukumiwa miaka 32, akatolewa mwaka 1874 kwa sharti la kuondoka nchini. Akaenda San Francisco, akafungua baa.